Je, Deni la Utotoni Hufutika?

Katika mitaa ya Waswahili wa Bujumbura, hasa Buyenzi tulikokulia, siku ya kuzaliwa haikuwa na sherehe. Mtoto alijulishwa kuwa alizaliwa msimu wa mvua kubwa, au wiki moja baada ya harusi ya mtu fulani, na tarehe yenyewe ikaachiwa karani, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na haja nayo. Waliohesabiwa siku walikuwa wengine: mzazi aliyekaa ndani na mtoto wake mchanga hadi arobaini, na marehemu ambaye arobaini yake ikifika watu hukusanyika kumsomea khitima. Kwa sababu hiyo neno "arobaini" likawa na uzito masikioni mwetu kuliko hesabu nyingine yo yote. Tena ipo ile methali isiyokosekana katika daftari la mwalimu ye yote wa Kiswahili, kwamba siku za mwizi ni arobaini. Sisi tumeifundisha kwa miaka mingi, tukiwaonya wanafunzi wasiichukue hesabu hiyo kwa maana yake ya wazi, kwani ni mfano tu. Hatukudhani hata mara moja kwamba methali ile ilikuwa ikitungoja.

Mwaka 2024 tulitimiza miaka 40. (Wasomaji watuwie radhi kwa kusema "sisi" ilhali aliyezaliwa ni mmoja, ndiyo desturi ya kurasa hizi, na safari hii, kama itakavyoonekana, desturi hiyo inatusitiri kuliko tunavyostahili.) Watoto nyumbani walitaka keki yenye mishumaa, na walimu wenzetu shuleni walikwisha anza kuchanga. Tuliwaomba wote watuachie siku hiyo iwe ya kimya. Baadhi walisema ni uchoyo, nao hawakukosea sana, kwa maana furaha ya mtu ni mali ya jamaa zake pia, na anayekataa kushangiliwa huwanyima wengine nafasi ya kushangilia. Hata hivyo tuliona kuwa umri huu una adabu yake. Kurani, katika sura ya Al-Ahqaf, inamtaja mtu aliyefikia miaka arobaini akimwomba Mola amwezeshe kushukuru kwa neema aliyopewa yeye na wazazi wake. Shukrani, tulidhani, haihitaji mishumaa. Basi tukaazimu kutoka Gitega tunakofanya kazi, tushuke Bujumbura, mwendo wa kilomita 100 hivi, tukatembee peke yetu mahali tulipocheza utotoni. Mwaka ule petroli ilikuwa adimu nchini; tulisubiri gari tangu alfajiri hadi saa mbili na nusu.

Buyenzi haipotezi mtu. Barabara zake, ambazo wenyewe tunaziita avenyu, zimenyooka na zina nambari badala ya majina. Mafundi wa magari wamejaa kandokando kama walivyojaa zamani, na Kiswahili ndicho kinachosikika mlangoni, sokoni na msikitini. Lakini tulipofika upande wa kaskazini, ukingoni mwa mto Ntahangwa, tulisimama ghafla. Mto huu hushuka kwa nguvu kutoka milimani nyakati za masika, nao kwa miaka mingi umekuwa ukimega kingo zake na kuchukua nyumba za watu. Ulikuwa umechukua na kiwanja chetu. Pale tulipopanga mawe mawili yakawa goli palikuwa hewa tupu, na chini kabisa watu walikuwa wakichota mchanga. Tulijaribu kuhuzunika kwa namna inayostahili, ikashindikana. Maana tulipokumbuka kiwanja tulikumbuka mpira, na tulipokumbuka mpira tulikumbuka ulikotoka.

Ulikuwa mpira wa dukani, si ule wa majani ya mgomba uliofungwa kwa kamba. Mwaka ulikuwa 1993, nasi tulikuwa na umri wa miaka tisa. Bibi mmoja aliyeuza vitumbua mlangoni kwake aliweka fedha zake katika kopo la maziwa ya unga, na siku moja, alipoinuka kuitika adhana, tulichukua humo faranga 200. Aliyeshukiwa ni kijana aliyemtekea maji, mkubwa wetu kwa mwaka mmoja au miwili, mtoto wa watu waliohamia kutoka mashambani, kwa kuwa ndiye pekee aliyeruhusiwa kuingia ndani. Hakupigwa. Bibi alimwambia tu asirudi tena. Sisi tulikuwapo, tumeketi barazani na kitumbua mkononi, wala hatukunena neno. Wiki iliyofuata tulinunua mpira, na yule kijana alicheza nasi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, nchi ikaingia gizani, na hapana mtu aliyebaki na nafasi ya kuuliza habari za kopo.

Nyumba ya bibi yule sasa ni duka la vipuri. Tuliketi katika mgahawa mkabala nayo, tukaagiza chai ya maziwa na chapati, tukaanza kujitetea. Utetezi wa kwanza ulikuwa mwepesi: yaliyopita si ndwele, tuyaache, tugange yajayo. Utetezi wa pili ulikuwa na nguvu zaidi. Sheria ya dini haimwandikii dhambi mtoto asiyebaleghe. Ni kweli, lakini mafakihi hao hao hufundisha kuwa mali ya mtu iliyoharibiwa na mtoto hulipwa, na kwamba haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake, mpaka airudishiwe mwenyewe. Kisha, hata tukiyaacha ya mafakihi, aliyeiba ni mtoto wa miaka tisa, hilo halina shaka. Na aliyenyamaza akiwa na miaka ishirini, je? Na yule wa thelathini, aliyekwisha kuwa mwalimu na kusimama mbele ya darasa? Kwa hakika kila mwaka tulikuwa tukiiba upya, safari hii kwa akili timamu. Wala hatutaki kuhesabu ni wanafunzi wangapi ambao sisi walimu tumewatoa darasani kwa sababu kalamu ilipotea na wao ndio waliokuwa karibu.

Hapo alitujia Jean-Jacques Rousseau, ambaye sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tulikutana naye mapema. Katika kitabu chake cha maungamo anasimulia jinsi alivyokuwa kijana mtumishi katika nyumba moja ya Turin, mwaka 1728, akaiba utepe, na ulipoonekana kwake akasema kuwa amepewa na Marion, msichana wa jikoni. Wote wawili wakafukuzwa. Miaka kadiri ya arobaini baadaye anakiri kuwa jambo hilo bado linamlemea, na kwamba haja ya kuutua mzigo huo ni moja ya sababu zilizomfanya aandike kitabu kizima. Tulipokuwa wanafunzi tulimsifu kwa ushujaa. Mbele ya kikombe cha chai tulimwona vingine. Alilieleza Ulaya nzima, tena katika kitabu kilichoanza kutolewa mwaka 1782, naye amekwisha fariki miaka minne. Lakini Marion hakuelezwa. Marion alitoka katika nyumba ile na jina la mwizi, na kurasa zote zile, kwa uzuri wake wote, hazikumrudishia kitu. Wasomaji walipata fasihi. (Tunajua kuwa makala hii nayo yaweza kushtakiwa kwa kosa hilo hilo. Haikuandikwa ila baada ya hayo yanayofuata, na kwa ruhusa ya wanaohusika, kwa sharti la kutotajwa majina.)

Shaka moja tu ilibaki, nayo si ndogo. Mtu akitua mzigo wake huenda akamtwika mwingine. Pengine yule kijana amekwisha sahau, nasi twende tukamfukulie kidonda ili sisi tulale usingizi? Tulilipima swali hili hata chai ikapoa. Mwishowe tuliona kuwa hatuna haki ya kumwamulia kwamba amesahau. Kumwamulia mtu ndiko kulikoanza balaa yote. Tukamwuliza mwenye mgahawa, naye akatuonyesha gereji iliyo avenyu mbili mbele.

Tulimkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana. Tulingoja. Alipotoka alitutambua kabla hatujajitaja, akatuita kwa jina letu la utani la zamani. Tulimweleza tukiwa tumesimama, bila utangulizi. Alijipangusa mikono kwa kitambaa, muda mrefu.

"Nilijua," alisema. "Mpira ule ungeupata wapi? Baba yako alikuwa hanunui hata viatu."

"Mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Ningesema, mwalimu, ningeaminiwa na nani? Wewe ulikuwa mtoto wa mtaa. Mimi nilikuwa mtoto wa maji."

Hakusema kuwa ametusamehe, nasi hatukumwomba, kwa maana tuliona haya kumdai kitu kingine tena. Alisema kazi ya maji haikuwa hasara kubwa, alipata nyingine. "Ila bibi yule alikuwa akiniita mjukuu wangu. Tangu siku ile akawa ananiita we kijana." Akauliza kama tulimweleza bibi kabla hajafa. Tukasema hapana. "Binti yake yupo," alisema, "anakaa nyuma ya msikiti. Wanangu husoma pamoja na wajukuu zake." Akarudi chini ya gari.

Binti huyo sasa ni mama mwenye mvi, naye ameirithi biashara ya mama yake. Tulimwamkia, tukaeleza mara ya pili. Alilisogeza karai pembeni ya moto.

"Kwa hiyo si yeye?" aliuliza.

"Si yeye, mama. Ni sisi."

Alikaa kimya, kisha akatueleza jambo ambalo katika hoja zetu zote za mgahawani halikutupitia kichwani. Nyumbani mwao kisa cha kopo kilikuwa hadithi ya kulelea watoto. Marehemu mama yake alikisimulia kila fedha ilipoachwa ovyo. Yeye akawasimulia wanawe. Na wajukuu nao walikwisha kisikia, pamoja na jina la mtaa la mhusika. Watoto wale walikuwa wakikaa dawati moja na watoto wa fundi, wakijua wanachokijua. Sisi tulikuwa tumebishana kama jambo lililopita ladaiwa au halidaiwi. Kumbe halikuwa limepita. Kwa miaka 31 lilikuwa likiamka kila asubuhi na kwenda shuleni.

Mama yule aliwaita wajukuu, wanne, wakaja wakasimama kwa mstari.

"Waambie wewe, mwanangu, kwa mdomo wako."

Tumefundisha kwa miaka mingi, na hatujapata darasa gumu kama lile. Tulipomaliza, mdogo wao aliuliza faranga 200 zilikuwa vitumbua vingapi. Bibi yake akafikiri, akahesabu kwa bei ya siku zile, akasema ishirini. Tulitia mkono mfukoni, akaukataa mkono wetu. Alilirudisha karai motoni, akachoma ishirini, akavipanga katika sahani na kuvifunika kwa kitambaa, akamwambia mjukuu mkubwa atangulie navyo kwa fundi, nasi tumfuate, tuwahi kabla hajafunga. Gari la mwisho la Gitega lilikuwa limekwisha ondoka.