Someni Karatasi ya Godoro Mkiwa Bado Dukani

Wanangu mnaotafuta kitanda cha kuanzia maisha, nawaomba jambo moja kabla hamjatoa fedha: someni karatasi ya waranti mkiwa bado dukani, na anzeni kuisoma kutoka chini, pale penye maandishi madogo. Juu pameandikwa miaka, mitano, minane au kumi, kwa herufi za kuonekana toka barabarani. Chini ndiko kulikoandikwa mambo yanayoifuta hiyo miaka. Na sisi tunaoishi Tanga, au popote kati ya Lamu na Mtwara, ya chini ndiyo yanayotuhusu zaidi, kwa sababu karatasi za magodoro ninazoletewa husema kwa namna moja au nyingine kwamba unyevu, madoa na kuvu havimo katika dhamana ya kiwanda.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, siuzi magodoro, wala sina duka la kulitetea. Lakini godoro likiharibika watu huja kwangu kwanza, wakidhani kitanda ndicho kibaya. Basi mengi nimeyaona kutokea uvunguni, mahali ambapo mwenye godoro hachunguliagi.

Waranti ni ahadi ya kiwanda kuhusu kosa la kiwanda. Kama sponji imetoka na kasoro ikatitia kabla ya wakati wake, kama gundi imeachia au springi imechomoza, watalitengeneza godoro au watakupa jingine. Hakuna mahali waliposema kwamba godoro litadumu miaka hiyo yote. Kijana akiambiwa waranti ya miaka 10 husikia umri wa godoro, akalipa bei ya umri huo, na hapo ndipo anapojiumiza.

Hata huko kutitia kuna kipimo chake. Hulazwa rula ndefu au huvutwa uzi toka ukingo hadi ukingo, godoro likiwa tupu, kisha hupimwa kina cha bonde. Karatasi nyingi hutaka bonde la sentimita 3 au 4 ndipo zihesabu kuwa ni kasoro. Mgongo wako unaweza kukuuma kwa bonde la sentimita 2 na waranti isikusaidie kitu. Tena ulizeni kama ni miaka yote ya godoro jipya bure, au ni ya mwanzo tu, kisha mteja anaanza kuchangia, na mchango unapanda kadiri godoro linavyozeeka. Na ukibadilishiwa, mara nyingi hesabu haianzi upya: miaka inaendelea toka siku ya manunuzi ya kwanza.

Masika yaliyopita niliitwa na kijana mmoja na mkewe nikaangalie kitanda chao. Godoro la inchi 8, halijatimiza miaka miwili, waranti ya miaka 10, na duka walikolinunua limekataa dai lao. Tulipolinyanyua, kisa chote kilikuwa wazi. Ule mfuko wa nailoni wa kiwandani ulikuwa haujavuliwa, wametandika shuka juu yake ili godoro lisichafuke. Upande wa chini nailoni ilikuwa imegandamana na kitambaa, na ndani yake yamekaa matone ya maji ya kuonekana kwa macho. Nikaichana kwa kisu. Uvundo ukatoka, na kitambaa kilikuwa na madoa meusi ya kuvu yaliyotapakaa pale pale wanapolalia, mabegani na viunoni. Kitanda chenyewe cha kisasa, boksi lililozibwa kwa plaiwudi, bila tundu hata moja la kupitisha hewa. Yule binti alilia. Godoro lile lilinunuliwa kwa michango ya ndugu.

Kwa karatasi waliyopewa, dai lao lilikuwa halina pa kusimamia. Lakini namlaumu muuzaji. Anajua tunaishi wapi, anajua watu wetu huacha nailoni kwa nia njema ya kutunza, na neno moja lingetosha: mkifika nyumbani vueni. Kunyamaza kwake kuliwapotezea watoto wale godoro zima.

Sasa fahamuni kinachotokea. Mwili wa mtu hutoa maji usiku kucha, kwa pumzi na kwa ngozi, hata asipojiona anatoka jasho. Dodoma hewa kavu huyanyonya mchana na godoro likarudi kuwa kavu. Hapa kwetu asubuhi nyingi hewa yenyewe imeshabeba unyevu wa asilimia 80 na zaidi, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, fukuto haliachii mpaka mvua zipungue na kusi ishike. Mvuke wa mwili hushuka ndani ya sponji, ukakuta upande wa chini umepoa, ukageuka maji. Kama chini pana chaga na upepo, maji hayo hutoka. Kama pana ubao mzima, au nailoni, au saruji, yanabaki. Vijana wa geto mnaolaza godoro sakafuni ndio mko hatarini kuliko wote, kwa kuwa sakafu nyingi za nyumba zetu zenyewe hupandisha unyevu kutoka ardhini.

Na kuna jambo ambalo karatasi haikuelezi. Sponji inayobanwa kila usiku katika joto na unyevu hupoteza nguvu ya kuinuka tena. Kwa hiyo bonde lenyewe linaweza kuletwa na unyevu. Mkaguzi akija na rula yake, akakuta bonde la sentimita 5 na pembeni yake doa la kuvu, ataandika unyevu, na hutakuwa na la kumjibu. Doa moja linaondoka na dai la kuvu na dai la kutitia kwa pamoja. Ndiyo maana nasema waranti ya pwani hulindwa na kitanda kuliko karatasi.

Basi niseme kuhusu kitanda, maana hapo ndipo penye kazi yangu. Wazee wetu walilala vitanda vya kamba, na upepo ulipita toka uvunguni hadi mgongoni. Sirudishi mtu huko, ila ule upepo tusiupoteze. Agizeni kitanda cha chaga. Chaga zipigwe randa pande zote, ziwe na nafasi kati yake, lakini nafasi isizidi inchi 3, kwani zikiachana sana sponji huzama katikati na kiwanda kitasema godoro halikuegemezwa vizuri. Hilo nalo limo kwenye maandishi madogo: kitanda kisichofaa hufuta waranti. Kitanda cha futi 5 kwa 6 au 6 kwa 6 lazima kiwe na boriti ya kati toka mchagoni hadi miguuni, na boriti hiyo iwe na mguu wake unaofika chini. Mafundi wengi huuruka mguu huo ili kupunguza gharama. Muulizeni fundi, kisha iname ujionee mwenyewe. Uvungu uwe wazi kiasi cha kupitisha ufagio, na msiujaze mabegi na masanduku.

Mbao nzuri tunazo karibu. Mtiki unaotoka shamba la Longuza, kule Muheza, unavumilia unyevu wetu bila kupinda wala kuoza upesi. Bei yake si ndogo. Kama hamuwezi kitanda kizima cha mtiki, wekeni mtiki kwenye boriti na chaga, na fremu iwe ya mbao nyingine iliyokauka sawasawa. Vile vitanda vya ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, vinavyopendeza sana dukani, vikinywa maji huvimba na skrubu zikaachia. Hapo mtakuwa mmepoteza kitanda na waranti ya godoro kwa mara moja.

Kuhusu kuanika nitawaomba radhi wazee wenzangu wa kike, maana wao ndio hufundisha mabinti. Godoro la sufi lilitolewa uani likapigwa jua kutwa, likapigwa na fimbo, likanenepa. Godoro la sponji halitaki hivyo. Sponji ikipigwa na jua kali hugeuka manjano, ikaanza kuvunjikavunjika na kutoka unga. Lisimamisheni kwenye kivuli penye upepo, au dirishani, saa chache siku ya ukavu. Asubuhi msitandike mara tu mnapoamka; kunjueni shuka mpaka miguuni, godoro lipumue wakati mnakunywa chai. Kila baada ya miezi michache geuzeni upande wa kichwa uende miguuni, na kama karatasi inataka hivyo, andikeni tarehe mliyogeuza.

Mkiwa na mtoto mchanga, msitandike nailoni kitanda kizima. Kuna kava za magodoro zinazozuia maji na bado zinapitisha hewa, na muuzaji mwenye ujuzi anazifahamu. Mkojo wa mtoto ni doa, na doa kwa kiwanda ni doa.

Nirudi dukani. Godoro la springi kwa nyumba iliyo karibu na bahari silipendekezi, labda muwe na chumba kikavu kweli, kwa sababu hewa ya chumvi huzila springi kutoka ndani ambako hamuoni. La sponji ni bora, lakini sponji hutofautiana sana, na neno “orthopedic” lililoshonwa kwenye lebo halithibitishi kitu. Ulizeni densiti, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo, na iandikwe kwenye risiti au karatasi ya waranti. Halafu pimeni. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Wakiwaambia densiti ni 25, sponji yake inapaswa kuwa na uzito wa kilo 14 hivi. Mzani ukisoma kilo 10, mnauziwa densiti ya 18, hata lebo iseme nini. Wako wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito, basi uzito peke yake usiwatosheleze: kandamizeni kwa goti katikati na pembeni, muone linavyoinuka.

Mwambieni muuzaji mnaishi wapi na mnataka nini. Semeni mbele ya shahidi: nyumba yetu iko pwani, chumba kina unyevu, tunalala watu wawili, nipe godoro linalofaa. Hili lina uzito wa kisheria. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zinasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa sharti ifae kwa matumizi hayo. Mkiingia mkataja jina la kampuni tu na kulibeba, mmejichagulia wenyewe, na hoja yenu inapungua nguvu.

Risiti ya mashine ya EFD muitunze kwa akili. Karatasi ile inaandikwa kwa joto, na kwa joto hilo hilo hufutika. Ukiitia pochini au ukaiacha juu ya kabati, kwa hali ya hewa yetu, siku unayoihitaji unakuta ukurasa mweupe. Ipigeni picha siku hiyo hiyo, toeni na nakala ya fotokopi, na nakala hiyo iwekwe mhuri wa duka pamoja na ile karatasi ya waranti. Lebo iliyoshonwa pembeni mwa godoro msiikate hata kama inakera, kwani ina namba ambayo bila hiyo kiwanda hakikutambui. Na waranti nyingi ni za mnunuzi wa kwanza pekee. Ukinunua godoro kwa mtu anayehama, hesabu kwamba hakuna waranti.

Ulizeni pia nani atalipa gari. Magodoro mengi yanatoka Dar es Salaam, na mkitakiwa kulirudisha kiwandani kwa gharama zenu, nauli ya kulipeleka na kulirudisha inaweza kula faida yote ya dai. Duka linalokubali kulichukulia godoro Tanga hapa hapa, hata likiuza ghali kidogo, mimi ningeenda hilo.

Siku likitokea tatizo, msilikunje mkalibeba juu ya bodaboda kwenda kugombana. Godoro lililokunjwa nalo halimo katika waranti. Liacheni juu ya kitanda chake, lazeni rula, pigeni picha ya bonde na kipimo kikisomeka, kisha linyanyueni mpige picha ya chaga na boriti ya kati, ionekane kwamba chini ni kukavu. Andikeni dai, hata kwa ujumbe wa simu, lenye tarehe, picha na nakala ya risiti. Wakikataa, waombeni sababu kwa maandishi. Mkiona sababu haiendani na karatasi yao wenyewe, barua hiyo ndiyo ya kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji.