Adabu za Kumhamisha Mzazi

Mzazi aliyeishi nyumba moja miaka arobaini hahamishwi kwa siku moja. Watoto wengi hulisahau hilo. Wanafika Tanga Ijumaa usiku, Jumamosi wamekodi Fuso, Jumapili mama yuko ghorofani Dar es Salaam na nusu ya vyombo vyake viko jalalani. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mama amevunjiwa heshima, na kwa kuwa ni mama, hatasema.

Mali ina mwenyewe. Maadamu mzazi ana akili zake timamu, yeye ndiye wa kusema hiki nakichukua, hiki apewe fulani, hiki kitupwe. Kazi yako wewe ni kunyanyua, kupangusa vumbi na kuuliza. Neno "matakataka" lisitoke kinywani mwako mbele yake, wala nyuma yake, kwani wajukuu wanasikia.

Kabla hujagusa kitu, nenda ukapime chumba anachohamia. Kitanda chake kikiingia, kiende. Kiende na kiti anachokalia kuswali, na birika alilolizoea. Vingine vipungue, maana chumba cha mzee kikisheheni humwangusha: busati lililokunjamana ukingoni, waya uliopita chini, kigoda gizani. Na mtu wa umri huo akivunjika nyonga, kuinuka tena ni shida.

Anzeni na visivyo na kumbukumbu: madebe matupu, magazeti, dawa zilizopita muda wake. Hati ya nyumba, kitambulisho, kadi ya bima na karatasi za pensheni zitiwe kwenye mkoba mmoja, na mkoba huo usipakiwe lorini. Abaki nao mwenyewe.

Sanduku liwe la mwisho, nalo lipewe siku yake. Mama atalifungua, harufu ya udi itoke, na chini kabisa atatoa doti ya kisutu ambayo haijakatwa wala kupindwa. Ataikunjua, akueleze ilivaliwa sare harusi ya nani, nani alikasirika kwa kukosa, na kwa nini yake hakuivaa. Kisha atachukua nyingine, asome jina lake, acheke peke yake. Kaa chini umsikilize. Saa mbili zitapita na mtakuwa mmetoa kanga sita tu. Hizo ndizo saa zenye faida kuliko zote katika kuhama huko. Picha nazo, kila moja iandikwe majina nyuma kwa penseli angali yupo wa kuyataja.

Liko jambo ambalo watoto waliokulia mbali hawalifikirii: nyumba za kwetu hazina vitu vya mwenye nyumba tu. Geuza masinia na masufuria ya shughuli utazame matakoni. Utakuta herufi zilizochorwa kwa rangi ya kucha au kuchongwa kwa msumari, na si herufi za mama yako. Hivyo ni vya jirani, au vya chama cha kina mama, vilivyobaki tangu arobaini ya mtu. Ni amana. Ukivipakia umechukua cha watu, ukiviuza ni vibaya zaidi. Muulize mzazi, umtume kijana avirudishe nyumba kwa nyumba kwa salamu zake. Hapo hapo uliza deni la dukani.

Kuhusu kugawa, Waislamu tuna mafunzo yaliyo wazi. Anachotoa mzazi angali hai na mzima ni hiba, na hiba hutimia kwa kukabidhi. Kusema tu "hili kabati litakuwa lako" hakutoshi. Akitoa akiwa katika maradhi ya mauti, hesabu yake inakuwa ya wasia, usiopita thuluthi ya mali. Na Mtume alikataa kuwa shahidi baba yake Nu'man bin Bashir alipotaka kumpa mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Basi ndugu wote waitwe, hata kwa simu, wajue nani kapewa nini. Cherehani moja iliyoondoka kimyakimya yaweza kuwafanya ndugu wasizikane.

Na asiye na mtoto je? Makao ya wazee, kama ya Sebleni na Welezo kule Unguja, hupokea wengi waliokosa jamaa wa kuwatunza. Anayekwenda kumchukua mzee wa namna hiyo asimfungashie kama asiye na chake. Amuulize vilevile. Huenda mali yake yote ni kikapu na redio. Redio hiyo iende naye.

Siku ya kuondoka, lori lisiwashwe kabla hajaagana na mtaa. Ataingia kila nyumba, na kila nyumba atalia. Msubirini.

Na wewe ambaye mzazi wako bado yuko nyumbani kwake ana nguvu, usingoje aanguke ndipo ukimbilie kufungasha. Nenda likizo hii, ukae naye, umuulize yeye mwenyewe anataka nini.