Radi Ikipiga, Nani Alaumiwe?

Huku Ufipa, mkoani Rukwa, kuanzia Kate hadi Sumbawanga, mvua zikianza radi nazo hazichelewi. Ikipiga nyumba na kuua, kabla hata matanga hayajaanuliwa minong'ono inaanza: ni nani aliyeituma? Mara nyingi anayenyooshewa kidole ni bibi kizee mwenye macho mekundu, wekundu alioupata kwa miaka ya kupuliza kuni mbichi jikoni.

Msiba usio na sababu hatuuwezi. Tunatafuta wa kumtwika. Lakini tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya Rukwa ilitikisika kwa tetemeko linalokadiriwa kuwa la kipimo cha 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa Afrika. Hilo nalo lilitumwa na bibi yupi?

Katika Biblia, Ayubu alipopatwa na misiba akaketi majivuni, rafiki zake walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Waliharibu walipofungua midomo kumtafutia kosa.

Basi, kama kuna jirani amefiwa, nenda ukakae naye. Mpelekee unga, mchotee maji. Na yule bibi, jamani, mwacheni.