Ua Mkononi mwa Yosefu

Swali la picha za watakatifu naulizwa na watu wa aina mbili: watoto wangu wa katekisimu pale Minara Miwili, kanisa letu la Shangani, Zanzibar, na jirani yangu Mwislamu, fundi wa milango ya nakshi. Watoto hutaka kujua kwa nini Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kanisa hilo, ameshika ua na si msumeno. Fundi huchimba zaidi: "Mwalimu, nani alimwona mtu huyo hata akamchora?"

Hakuna. Injili haisemi lolote juu ya sura ya Yosefu. Zamani Ulaya alichorwa mzee, amejikunyata kando ya hori. Ibada yake ilipokwisha kuenezwa na Teresa wa Ávila, wachoraji wa karne ya 17 kama Guido Reni na Murillo walimleta mbele, amempakata Mtoto. Kila mmoja alimpa uso aliouwaza mwenyewe. Kinachomtambulisha mara nyingi ni ua la lili au fimbo iliyochanua, kutokana na masimulizi ya kale kwamba ndivyo Mungu alivyomteua kuwa mume wa Maria. Petro naye tunamjua kwa funguo, Katarina kwa gurudumu, Lusia kwa macho yaliyo sahanini.

Kwangu mimi alama hizi ni adabu ya mchoraji. Uso asioujua anaukisia. Imani anayoiungama anaitia mkononi mwa mtakatifu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulifundisha kwamba heshima ipewayo picha humwendea yule aliyechorwa, na kwamba ndani ya picha yenyewe hamna uungu wowote.

Fundi nilimjibu kwa kazi yake. Huchonga mnyororo kwenye miimo na samaki chini yake. Hachongi uso wa mtu, na bado mpita njia huisoma dua ya mwenye nyumba: ulinzi na neema. Akacheka. "Sawa, mwalimu. Lakini mimi mlango siubusu."

Hoja hiyo ina uzito, wala siikwepi. Dini yake huifunga njia ya picha mapema ili mtu asipotee. Yetu huiacha wazi, kisha hutudai tusiishie njiani. Wapo wanaoishia njiani, na picha inayobusiwa bila kusomwa ni karatasi tu. Basi mzazi uliyemtundika Yosefu sebuleni, kabla hujamfundisha mwanao kuibusu picha hiyo, mwulize alichoshika mtakatifu ni nini, na kwa nini.