Somo la Jiko: Ni Langu au la Mwenzangu?





Katika semina za ndoa swali moja hurudi mara kwa mara: "Katekista, sisi Mungu tutampata saa ngapi?" Mama huamka alfajiri kuwasha moto, huwatayarisha watoto wa shule, kisha huenda shambani au sokoni. Baba hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku akiwa amechoka. Jumapili ni moja tu kwa wiki. Je, zile siku sita nyingine ni za dunia hii tu?

Jibu la Kanisa ni kwamba hata siku hizo ni za Mungu, naye hufundisha ndani yake. Lakini nyuma ya swali hilo kuna lingine ambalo halizungumzwi sana. Ikiwa Mungu anatufundisha kwa mambo ya nyumbani, je, somo hilo ni la nani? Ni langu, au ni la mwenzangu? Ndoa nyingi huumia kwa sababu jambo hili halijaeleweka.

MWALIMU ALIYEKULIA NYUMBANI

Bwana wetu alikuwa na umri wa miaka kama thelathini alipoanza kuhubiri (Luka 3:23). Miaka yote ya kabla ya hapo, tukiacha ile ya utoto wake kule Misri, aliishi Nazareti katika nyumba ya fundi seremala. Ndiyo maana mafundisho yake yamejaa vitu vya nyumbani. Alisema juu ya mwanamke anayechanganya chachu na unga, juu ya taa inayowekwa mahali pa juu, juu ya kiraka kipya kwenye nguo kuukuu, na juu ya mama aliyefagia nyumba nzima akitafuta sarafu moja. Mtu hawezi kusema mambo hayo vizuri namna hiyo kama hakuwahi kuyatazama kwa makini.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, uliiita familia kanisa la nyumbani. Basi kama nyumba yako ni kanisa, usishangae kwamba ndani yake kuna mafundisho. Tuchukue kitu kimoja tu, kile kinachojulikana na wengi wetu: jiko la makaa.

TUTAZAME JIKO

Kwanza, makaa na majivu. Mama zetu walijua kuulaza moto. Usiku waliyafukia makaa kwa majivu, ili hewa isiyafikie kwa wingi na yasiungue upesi. Asubuhi waliyafukua, wakapuliza, moto ukaamka. Mtu mgeni akiyaona majivu yale usiku atasema moto umekufa. Kumbe umelala.

Ndivyo ilivyo kwa wengi waliooana miaka kumi na tano au ishirini. Barua za uchumba zimekwisha, nyimbo zimekwisha, sasa ni karo, unga na madeni. Mmoja husema moyoni, "Huyu hanipendi tena." Kabla ya kusema hivyo, fukua majivu. Labda upendo ungali chini, nao unangoja mtu wa kupuliza. Swali ambalo jiko linakuuliza ni hili: mimi nimepuliza lini mara ya mwisho?

Pili, udongo ulio ndani ya jiko. Jiko la bati tupu hupoteza joto jingi pembeni, na hula makaa mengi. Tangu miaka ya 1980 yameenea hapa Kenya yale majiko yenye udongo ndani. Udongo ule hulishika joto likabaki palipo na sufuria, na makaa yanayotumika ni machache.

Wako watu ambao joto lao lote huishia nje. Kazini ni wacheshi, kwenye chama ni wakarimu, kanisani ni wapole. Wakivuka kizingiti cha nyumba yao, wanapoa. Jambo hili linatuhusu hata sisi tunaotumikia parokiani: katekista, mwanakwaya, mwenyekiti wa Jumuiya. Watu wa nje wanaota moto wetu, na wa ndani wanatetemeka kwa baridi. Swali ni hili: joto langu linapotelea wapi?

Tatu, hewa ya sumu. Makaa yakishika vizuri hayatoi moshi, na kwa sababu hiyo watu huyadhania kuwa salama. Lakini makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia ikiingiza jiko ndani, ikafunga mlango na madirisha kwa sababu ya baridi, yaweza kulala isiamke. Jambo hili limeua watu wengi katika nchi yetu, nami nawaomba kwa dhati: msilale na jiko chumbani, hata kama makaa yake yamefunikwa majivu.

Katika ndoa pia kuna hasira yenye moshi, ile ya makelele, ambayo jirani wote huisikia. Na kuna hasira isiyo na moshi. Hakuna anayepiga kelele. Chakula kinapikwa, nguo zinafuliwa, ada zinalipwa, lakini watu wawili hawazungumzi kwa mwezi mzima. Jirani husema, "Nyumba ile ina amani." Kumbe milango imefungwa na hewa imekwisha. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso jua lisizame wangali na hasira (Waefeso 4:26). Swali ni hili: ni dirisha gani ambalo mimi nimelifunga?

SOMO LIKIGEUKA JIWE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Jiko halina mdomo. Mtu mwenye hasira anaweza kulifanya liseme lolote analotaka. Mume akisoma maneno haya ya majivu, anaweza kufunga gazeti na kumwambia mkewe, "Unaona? Wewe ndiye hupulizi." Mke akisoma habari za joto linalopotea nje, anaweza kulikata ukurasa huu na kuuweka chini ya sahani ya mume wake. Hapo somo limeacha kuwa somo. Limekuwa jiwe la kurushiana.

Tumkumbuke Mfalme Daudi. Alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani. Nabii Nathani akaja kwake na kisa cha kawaida kabisa cha wafugaji: tajiri mwenye mifugo mingi alimnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu, ili amchinjie mgeni. Daudi alilielewa somo lile mara moja. Alikasirika, akaapa kwamba mtu yule anastahili kufa. Hakukosa akili ya kuelewa, wala hakukosa chuki ya dhambi. Alikosa kitu kimoja: hakujua kwamba mtu yule ni yeye. Ilibidi nabii amwambie waziwazi (2 Samweli 12:1-7).

Sisi sote tuna macho makali ya Daudi. Padre akihubiri juu ya ulevi, mke humgusa mumewe kwa kiwiko. Akihubiri juu ya ulimi, mume hukohoa kidogo. Kila mmoja hutoka kanisani amebeba mahubiri ya mwenzake, na yake ameyaacha kwenye benchi.

Kwa hiyo nawapa kipimo. Ukidhani Mungu amekufundisha jambo kupitia jiko, mtoto, gari lililokwama au sufuria iliyoungua, ulipime kwanza. Je, linapatana na Injili? Je, linaanza na mimi? Je, kuna tendo ambalo naweza kulifanya leo kabla sijalala? Likishindwa hata moja kati ya haya, huenda ni mawazo yako tu yaliyovaa kanzu ya Mungu.

Mtu atauliza, "Basi mwenzangu akikosa, ninyamaze?" Hapana. Bwana alisema ukikosewa nenda ukamwonye ndugu yako, ninyi wawili peke yenu (Mathayo 18:15). Mwambie moja kwa moja, kwa heshima, kwa maneno yake yenyewe: "Baba Fulani, jambo la jana limeniumiza." Usipitie kwenye mfano, wala kwenye mahubiri, wala kwa watoto. Kumwonya mtu kwa upendo ni kazi moja, na kupokea somo la Mungu ni kazi nyingine.

Na anayepigwa nyumbani asiambiwe kamwe kwamba Mungu anamfundisha uvumilivu. Kipigo si somo, ni dhambi, na ni kosa mbele ya sheria. Aliye hatarini ajitafutie usalama kwanza, yeye na watoto. Awaone padre na wazee wanaoaminika, na polisi. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vikali yeye au watoto.

MISIBA SI HUKUMU

Liko kosa jingine la kusoma vibaya mambo ya nyumbani, nalo huleta machozi mengi. Mtoto akifa, watu huuliza, "Mlimkosea nini Mungu?" Mume akipoteza kazi, huambiwa hakutoa zaka. Wanandoa wakikaa miaka bila mtoto, jamaa huanza kunong'ona juu ya laana, na mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama.

Bwana wetu alilikataa jambo hili waziwazi. Mnara ulipoanguka kule Siloamu na kuwaua watu 18, alisema hao hawakuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia wasikilizaji na kuwataka wao wenyewe watubu (Luka 13:4-5). Tazama jinsi alivyofanya: aliliondoa somo kwa marehemu na kulirudisha kwa walio hai. Na wanafunzi walipomwuliza ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohane 9:1-3).

Juu ya wasio na watoto, Kanisa halina kigugumizi. Kanuni ya 1084 inasema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba ndoa hubaki na thamani yake hata pale watoto wanaotamaniwa wanapokosekana. Jamaa wasikudanganye.

Tena tuwakumbuke Watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa. Louis alikuwa fundi wa saa, na Zélie alishona vitambaa vya lesi. Walifunga ndoa mwaka 1858, wakapata watoto tisa, na wanne kati yao walifariki wangali wadogo. Je, Mungu alikuwa anawaadhibu? Mtoto wao wa mwisho ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, na wao wenyewe walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Waliyazika makaburi manne wakiwa njiani kuelekea utakatifu. Mbele ya msiba wa mwenzako, usitafute ujumbe wa kumpa. Keti naye, teka maji, pika chai, lia naye.

DAKIKA TANO ZA JIONI

Nawapendekezea zoezi dogo. Watoto wakishalala, kaeni wawili kwa dakika tano. Zimeni redio na televisheni, na simu iwekwe mbali. Kila mmoja aseme jambo moja aliloliona siku hiyo na alichojifunza. Sheria ni moja tu: sentensi ianze na "mimi", na neno "wewe" lisitajwe isipokuwa kwa kushukuru. "Mimi leo nimeona nilivyomfokea mtoto kwa sababu ya deni ambalo si lake." "Mimi nakushukuru wewe kwa kuningoja kwa chakula." Yule mwingine asiongeze neno wala asihukumu. Kisha salini Baba Yetu pamoja, mkishikana mikono.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alisisitiza maneno matatu yasiyokosekana nyumbani: naomba, asante, samahani. Angalieni kwamba yote matatu hunihusu mimi kwanza. Hakuna hata moja linaloanza kwa kumnyooshea mwenzako kidole.

Siku za kwanza mtaona aibu, na huenda mmoja akasinzia. Endeleeni. Mwenye gesi atapata somo lake kwenye gesi, na mwenye kuni kwenye kuni. Mungu hakosi cha kufundishia. Anachongoja ni mwanafunzi anayekubali kwamba somo la leo ni lake.

YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Katika mahubiri ya Jumapili iliyopita, ni neno gani nililidhania la mwenzangu, kumbe lilikuwa langu?

2. Joto langu linapotelea wapi kabla halijafika nyumbani?

3. Je, kuna msiba katika familia yetu ambao tumeuita adhabu? Tutausemaje kuanzia leo?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.