Makaburi Mawili ya Kampala



Kila tarehe 3 Juni Wakristo wengi wa Tanzania huenda Namugongo, Uganda, kuwakumbuka Mashahidi. Afikaye huko na apande pia vilima viwili vya mji wa Kampala, maana juu yake yako makaburi mawili yenye mafundisho.

Kilima cha kwanza ni Namirembe, penye Kanisa Kuu la Kianglikana. Hapo imezikwa mifupa ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Cha pili ni Kasubi, wanapozikwa Makabaka wa Buganda. Nyumba kubwa ya makaburi hayo iliungua tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa tena. Hapo amelala Kabaka Mwanga, ambaye kwa amri yake Hannington aliuawa, na pia vijana Wakristo, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22.

Je, tusimameje mbele ya kaburi kama hilo? Mmoja atataka kutema mate. Mwingine atasema marehemu hasemwi vibaya, tunyamaze. Sisi twaona wote wawili wamekosea njia.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, akakimbilia huku kwetu, kusini ya Ziwa Victoria. Ni nani waliompa hifadhi? Mapadre Wakatoliki wa Bukumbi, karibu na Mwanza, wa kanisa lile lile ambalo vijana wake aliwaua. Baadaye Wakristo wa Buganda wenyewe walipigana mpaka akarudi enzini. Mwaka 1899 Waingereza walimhamishia Seychelles. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yaliletwa Kasubi.

Toba yake ilikuwa ya kweli? Mungu ndiye ajuaye. Sauli naye alitunza nguo za waliompiga Stefano kwa mawe. Bwana wetu alifundisha kwamba ngano na magugu vikue pamoja mpaka mavuno, na kaburi si mavuno. Lakini rehema haifuti ukweli. Tukiwasimulia watoto habari za Mwanga, tusiufiche moto wa Namugongo.

Ndugu zangu, mambo haya si ya Kampala peke yake. Hata hapa Kabungu, akifa mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani, wako wanaobaki nyumbani siku ya maziko, hata jembe hawashiki. Watoto wa marehemu huhesabu ni nani hakuja, na ugomvi wa baba ukawa urithi wao.

Basi, nenda ukachimbe kaburi. Usimsifu kwa uongo, wala usimtukane. Kama shamba ni lako, lidai kwa wazee baada ya matanga, kwa ushahidi na kwa upole. Deni la shamba hulipwa na walio hai. Hesabu ya marehemu i mikononi mwa Mungu.

Bwana atupe mioyo ya namna hiyo. Amina.