Maji Kwanza, Divai Baadaye



Kule Kana ya Galilaya divai iliisha arusini. Yesu aliwaamuru watumishi wajaze maji katika mabalasi sita ya mawe (Yoh 2:1-11). Kila balasi lilichukua kadiri ya lita 80 hadi 120. Hebu fikirini kazi ya kuteka! Wageni wana hamu ya divai, na watumishi wanahangaika na maji. Hawakuelezwa sababu, lakini walijaza hata juu. Mkuu wa meza alipoonja divai hakujua imetoka wapi. Watumishi walijua. Waliotii ndio waliojua.

Sisi wenye ndoa tuna balasi letu zito. Tarehe 25 Julai 1968 Papa Paulo wa Sita, ambaye leo ni Mtakatifu, alitoa barua iitwayo Humanae Vitae. Alifundisha kwamba tendo la ndoa lisifungiwe uzazi. Wenye sababu nzito za kupanga watoto wafuate siku ambazo Mungu mwenyewe ameziweka katika mwili wa mwanamke. Wengi walinung'unika, hata Wakatoliki.

Nami nilinung'unika. Mimi ni katekista. Wachumba niliwafundisha jambo hili kwa sauti kubwa, kumbe nyumbani nilikuwa wa kwanza kulikataa. Baada ya mtoto wetu wa nne, mama watoto alijifunza njia ya Billings, iliyotokana na kazi ya daktari John Billings na mkewe Evelyn, wa Australia. Kila jioni aliandika katika chati dalili za ute alizoziona. Siku za rutuba ilitupasa kungoja, nami nikanuna. Mungu ana haja gani na chumba changu cha kulala?

Usiku mmoja aliniambia, "Baba, siogopi mimba. Naogopa hasira yako."

Sikupata usingizi. Nilidhani nampenda, kumbe mke wangu alilala kando yangu kwa hofu. Nikaisoma barua ile upya. Namba 13 inasema kwamba kumshurutisha mwenzi bila kujali hali yake si pendo. Miaka yote nilikuwa nimeiruka namba hiyo.

Sikuelewa kila kitu siku ile. Nilianza kutii tu. Nikaishika kalamu ya chati mimi mwenyewe, yeye akinieleza. Siku za kungoja tukazungumza juu ya karo, juu ya mama yangu mgonjwa, juu ya maneno tuliyoyaficha kwa miaka. Polepole nikatambua kwamba Mungu hakutaka kuninyima mke. Alitaka nimfahamu.

Sisemi mzigo umekwisha. Ziko siku ambazo maji hubaki maji. Lakini mzigo huu ni wa wawili. Mume asimwachie mkewe peke yake. Wala kuuliza si dhambi: Bikira Maria alimwuliza malaika kwanza, ndipo akakubali (Lk 1:34-38). Msikisie dalili pia. Tafuteni mwalimu aliyefunzwa, mwende kwake pamoja.

Leo usiku, watoto wakishalala, kila mmoja amwulize mwenzake: "Kuna jambo gani unaloliogopa kwangu?" Sikilizeni bila kujitetea. Kisha salini pamoja Baba Yetu, polepole, hasa pale tunapoomba mapenzi yake yatimizwe.

Mama wa Kana awaombee. Amina.